Kinyonga Juu ya Ubao wa Drafti

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, mimi na shemeji yangu tulibishana kuhusu kinyonga tuliyemkuta bustanini. Mimi nilisema kwamba akiwekwa juu ya ubao wa drafti atatoka miraba ya nyeusi na nyeupe. Shemeji akasema kwamba atachanganyikiwa na kuwa mwekundu. Tukakubaliana kwamba atakayeshindwa ataosha vyombo wiki nzima. Kinyonga alikuwa wa kijani tulipomweka. Kabla nusu saa haijaisha alikuwa mweusi kama mkaa, akavimba, akafungua mdomo na kutufokea. Binti yangu wa miaka sita alisema tu, 'Baba, amekasirika.' Je, kinyonga huyu ana kasoro? Na ni kwa nini hasa vinyonga hubadili rangi?"

Ndugu msomaji,

Nianze na afya ya mtuhumiwa. Kinyonga wenu hana kasoro yoyote, na kwa maelezo uliyonipa naona kwamba huenda yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu kuliko wote waliouzunguka ubao ule. Mlimpa mtihani wa somo ambalo ukoo wake haujawahi kulisoma, mkamsimamia nusu saa nzima bila kumpa hata kijiti cha kushika, kisha mkashangaa kwamba hakujibu. Alijibu. Ila swali alilolijibu halikuwa lile la drafti, bali lilikuwa "Unawaonaje watu hawa?", na jibu lake aliliandika mwili mzima.

Imani kwamba kinyonga huiga rangi ya chochote anachokikalia ni ya kale sana, kwa hiyo msione haya kupita kiasi. Aristotle, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, alimchunguza mnyama huyu kwa makini, akaeleza habari za macho yake na mbavu zake, na akasema kwamba rangi yake hubadilika anapojijaza hewa. Chanzo alikikosea, lakini angalau alikitafuta ndani ya kinyonga mwenyewe. Aliyetuharibia ni Pliny wa Roma, ambaye katika karne ya kwanza aliandika kwamba kinyonga hali wala hanywi bali huishi kwa hewa tu, na kwamba huchukua rangi ya kitu chochote kilicho karibu naye isipokuwa nyekundu na nyeupe. Kwa kipimo hicho cha Pliny, wewe ungepata nusu ya alama na shemeji yako angepata sifuri. Habari ya kuishi kwa hewa ilikufa yenyewe, kwa kuwa ni vigumu kuishikilia mbele ya mnyama anayemnasa nzi kwa ulimi mrefu kuliko mwili wake. Habari ya rangi ilibaki kwa sababu inapendeza kusimulia, na siku hizi inasukumwa mbele na ile video maarufu ya kinyonga anayekanyaga miwani ya rangi mbalimbali na kufanana na kila moja papo hapo. Video ile ni tangazo la biashara lililotengenezwa kwa kompyuta, na kinyonga yeyote wa kweli angeitazama kwa jicho moja huku jicho la pili likitafuta panzi.

Ajabu ni kwamba viumbe wanaoweza kuukaribia mtihani wenu wapo, isipokuwa wanaishi baharini. Mwaka 1911 mwanasayansi Francis Sumner alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa samaki bapa wa jamii ya gayogayo, ambao aliwalaza juu ya sakafu zenye mifumo mbalimbali, ikiwamo ya miraba ya drafti, akawapiga picha, na ikaonekana kwamba madoa ya miili yao yalikuwa makubwa au madogo kwa kuifuata sakafu. Dome naye, ndugu wa pweza na ngisi, akiwekwa juu ya miraba yenye ukubwa unaofaa huweza kujitokeza na mraba mweupe katikati ya mgongo. Wazo lenu la ubao, basi, lilikuwa la kisayansi kabisa, na mlichokosea ni mtahiniwa tu.

Kinyonga aliyetulia, aliyeshiba na asiye na ugomvi na mtu tayari ana rangi ya mahali anapoishi. Wa majanini ni wa kijani, na wa kwenye matawi makavu na majani yaliyooza ni wa kahawia. Rangi hiyo ya kumficha ndiyo mavazi yake ya nyumbani, naye haivai kwa sababu ameutazama ukuta akaamua kufanana nao. Akitaka kujificha zaidi ana mbinu nyingine nzuri kuliko kubadili rangi: hujibana mwili mpaka ukawa mwembamba kama jani, huzunguka upande wa pili wa kijiti ili kijiti kiwe kati yako na yeye, na akilazimika kutembea hupiga ule mwendo wa kuyumbayumba, hatua mbele na nusu hatua nyuma, kama jani linalopepewa. Tunaposema jambo linakwenda kwa mwendo wa kinyonga tunalalamika, lakini yeye anajificha. Kubadilika rangi ghafla huja pale anapotaka, au anapolazimika, kuonekana.

Ili uelewe kwa nini rangi zile haziwezi kuwa nakala ya sakafu, inafaa ujue zinatengenezwaje, na hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa kuwa ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya ngozi mna seli zenye melanini, rangi nyeusi ile ile iliyomo katika ngozi na nywele zetu, nazo zina matawi yanayopanda juu kama mizizi iliyogeuzwa. Melanini ikitawanyika katika matawi hayo, mnyama hufifia na kuwa mweusi. Ikirudi chini, hung'aa. Hilo ndilo lililotokea mezani kwenu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba rangi zote za kinyonga huenda kwa utaratibu wa namna hiyo, yaani vichembe vya rangi kusogea ndani ya seli, lakini maelezo hayo yalishindwa kufafanua jinsi dume wa kijani anavyoweza kuwa wa manjano au wa rangi ya chungwa ndani ya dakika chache.

Mwaka 2015 Michel Milinkovitch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Geneva, baadhi yao wanabiolojia na baadhi wanafizikia, walitoa jibu baada ya kumchunguza kinyonga wa Madagascar anayeitwa Furcifer pardalis. Waligundua kwamba katika ngozi yake mna tabaka la seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini, kitu kile kile kinachoyapa magamba ya samaki mng'ao wake na ambacho pia ni mojawapo ya herufi nne za DNA. Fuwele hizo hazina rangi. Zimepangwa kwa safu, na rangi inayorudishwa kwenye jicho la mtazamaji hutegemea umbali kati ya fuwele moja na nyingine, kwa namna inayokaribiana na ile ya povu la sabuni, ambalo huonyesha rangi za upinde wa mvua ilhali maji na sabuni havina hata moja ya rangi hizo. Kinyonga akiwa ametulia, fuwele zimesongamana, na mwanga unaorudishwa ni wa buluu. Buluu hiyo hupita katika seli zenye rangi ya manjano zilizo karibu, nasi tunaona kijani. Kwa maneno mengine, mnyama anayesifiwa kwa ukijani wake hana kijani mwilini, na alichonacho ni buluu ya kuazima kutoka kwenye mwanga na manjano ya kwake mwenyewe.

Dume huyo akionyeshwa dume mwenzake, damu humchemka, fuwele huachana, na mwanga unaorudishwa husogea kutoka buluu kuelekea manjano, chungwa na wekundu. Watafiti walilithibitisha hilo kwa njia ambayo mtu yeyote wa jikoni angeielewa: waliweka kipande cha ngozi katika maji ya chumvi yaliyokolea, seli zikanyonywa maji na kusinyaa, fuwele zikasogeleana, na rangi ikaelekea upande wa buluu. Chini ya tabaka hilo lipo jingine lenye fuwele kubwa zaidi na zisizopangika vizuri, ambalo kazi yake yaonekana ni kurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi, yaani kumpunguzia mnyama joto la jua. Tabaka la juu, lile la maonyesho, hukamilika kwa madume waliokomaa tu. Majike na watoto wa spishi hiyo wanalo kidogo. Hapo mtu makini angekwisha kuanza kushuku. Ikiwa kubadili rangi ni kwa ajili ya kujificha, kwa nini mtoto, anayetamaniwa na kila ndege, anyimwe silaha hiyo, na dume lenye misuli lipewe?

Jibu lake lipo katika kazi ya Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli, waliochapisha mwaka 2008 utafiti wao juu ya vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, wa jenasi ya Bradypodion. Walilinganisha aina 21 na kuuliza ni zipi zenye uwezo mkubwa zaidi wa kubadilika. Kama kujificha kungekuwa ndiyo sababu, bingwa angekuwa yule anayeishi mahali penye mandhari za rangi nyingi, anayehitaji nguo nyingi kabatini. Haikuwa hivyo. Mabingwa walikuwa wale ambao maonyesho yao ya kijamii, yaani ya kutongoza na kutishana, huonekana waziwazi zaidi kwa macho ya vinyonga wenzao. Nayo macho hayo ni ya kuhusudiwa, kwa kuwa huona hata mionzi ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Inawezekana kabisa kwamba wakati mnabishana kama amekuwa mweusi au kahawia iliyoiva, alikuwa amewaandikia maneno mengine ambayo hamna macho ya kuyasoma.

Maneno yenyewe yamekwisha kusomwa kwa kiasi fulani. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw walichapisha utafiti juu ya madume wa Chamaeleo calyptratus, kinyonga mwenye kilemba kirefu cha mfupa kichwani, ambaye asili yake ni Yemen na Saudi Arabia. Madume wawili wakikutana, kwanza hugeuziana ubavu, na mng'ao wa michirizi ya ubavuni ulitabiri nani atamsogelea mwenzake. Baadaye hutazamana uso kwa uso, na hapo mng'ao wa kichwa pamoja na kasi ya kubadilika vilitabiri nani atashinda. Naupenda ustaarabu huu. Ugomvi mwingi humalizika bila jino kugusa ngozi, kwa sababu kila mmoja amekwisha kuisoma barua ya mwenzake na kufanya hesabu zake. Anayeona mambo yamemwia magumu hufifia na kuwa mweusi, na Ligon alionyesha mwaka uliofuata kwamba weusi huo ni ishara ya kusalimu amri, ambayo kwayo aliyeshindwa humwambia mshindi kwamba yatosha, anaondoka. Tatizo la kinyonga ni kwamba hata kuondoka kwenyewe huchukua muda, kwa hiyo ni heri apeperushe bendera mapema.

Majike nao wana usemi wao, tena usio na mafumbo. Jike wa spishi hiyo hiyo akishapata mimba huvaa weusi wenye madoa ya manjano na buluu, na dume anayekuja na maonyesho yake yote ya rangi hupokewa kwa mdomo wazi na mwili wenye kuyumba kwa hasira. Dume mwenye busara huelewa. Asiye na busara huumwa, na sayansi haina la kumsaidia.

Joto lina habari fupi zaidi. Kinyonga hatengenezi joto lake mwenyewe, hivyo asubuhi ya baridi huwa mweusi ili afyonze jua, na mchana hung'aa ili alirudishe. Hodari wa kazi hii ni kinyonga wa jangwa la Namib, Chamaeleo namaquensis, ambaye huanza siku akiwa mweusi na kuimaliza saa za joto akiwa wa kijivu cheupe, na wakati mwingine huwa mweusi upande unaolielekea jua na mweupe upande wa pili. Mkitaka kinyonga mwenye nyeusi na nyeupe kwa wakati mmoja, basi, huyo ndiye wenu, ila ataifanya kazi hiyo kwa sababu ya jua, wala hataujali ubao wenu.

Nisije nikatupa mtoto pamoja na maji ya kuogea: kujificha kwa rangi kupo. Stuart-Fox, Moussalli na Martin Whiting waliwaonyesha vinyonga wa spishi ya Bradypodion taeniabronchum sanamu ya ndege na sanamu ya nyoka wa mitini, wakaona kwamba walijifananisha zaidi na kijiti walichokishika walipomwona ndege, mwenye macho makali ya rangi, kuliko walipomwona nyoka, ambaye macho yake ni ya kudanganyika kirahisi. Kinyonga, basi, hupima hata uwezo wa adui yake na hatoi juhudi zaidi ya zinazohitajika, jambo ambalo nimeliona pia kwa wanafunzi. Lakini hayo ni marekebisho madogo ndani ya kijani na kahawia alizonazo, hayafiki kwenye drafti, wala kwenye maua ya pazia, wala kwenye miwani.

Ushahidi wa jinsi maonyesho na maficho yanavyovutana ulipatikana kwa ajali. Mwaka 1972 vinyonga 36 wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, walipelekwa Hawaii kutoka Kenya kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa, wakafika wamekonda na kukaukiwa maji, na mwenye mali akawaachia bustanini wapate nafuu. Walipata nafuu, wakaondoka. Nusu karne baadaye wazao wao walilinganishwa na ndugu zao waliobaki Kenya, na mwaka 2022 matokeo yakachapishwa: madume wa Hawaii, wanaoishi mahali penye nyoka na ndege wachache mno wa kuwala, wanang'aa zaidi wanapotishana na kutongoza, na wakitazamwa kwa macho ya maadui wa kwao Kenya, wangeonekana upesi zaidi. Maadui walipoondoka, rangi za kujificha hazikuongezeka, bali mbwembwe ndizo zilizoongezeka.

Wala si kila kinyonga ni fundi wa mambo haya. Spishi zao zinazidi 200, karibu nusu yao Madagascar, na baadhi, kama wale wadogo wa jenasi ya Brookesia wanaoishi kwenye majani makavu, hupitisha maisha yao karibu yote katika kahawia ya aina moja. Spishi moja ya jenasi hiyo iliyotangazwa mwaka 2021 ina dume mwenye mwili wa milimita 13.5 bila mkia, na sidhani kuna mtu angeona hata kama angevaa dhahabu. Wengine wa milima ya Afrika Mashariki na Kati walipewa mwaka 2006 jenasi yao wenyewe iitwayo Kinyongia, jina lililochukuliwa wazi kutoka katika lugha yetu, na kila ninapoliona katika maandishi ya kitaalamu ya Kilatini huwa natabasamu peke yangu.

Heshima hiyo ya jina ni fidia ndogo kwa jinsi tunavyomsingizia. Mtu anayebadili maneno kulingana na watu alioketi nao, leo huku kesho kule, tunamwita kinyonga, kana kwamba tabia hiyo ni ya mnyama. Kigeugeu wa kweli huficha alichonacho moyoni ili afanane na wanaomzunguka. Kinyonga hawezi hata kidogo. Akiogopa anaonekana, akitamani anaonekana, akishindwa anaonekana, na jike mwenye mimba huitangaza ngozini kabla hajaulizwa. Hata usingizini hana siri: vinyonga wengi wakilala huwa weupeupe, ndiyo maana sisi tunaowatafiti huwatafuta usiku kwa tochi, ambapo mnyama uliyempita mara nne mchana bila kumwona hung'aa kwenye kijiti kama kipande cha karatasi.

Turudi mezani kwenu. Weusi wa kinyonga unaweza kuwa na maana zaidi ya moja: baridi, woga, au kusalimu amri. Baridi naiondoa kwenye orodha, kwa sababu mwenye baridi hutulia na kujianika, hafungui mdomo wala havimbi. Kuvimba ni kujifanya mkubwa ili asimezwe, na ile sauti ya kufoka, kama mpira unaotoka upepo, ni onyo la mwisho la mnyama asiye na pa kukimbilia na asiyejua kukimbia. Aliwaogopa, na kwa woga huo akawakasirikia. Mrudisheni kwenye mti ule ule mliomtoa, kabla giza halijaingia, na mumwache ajishikize mwenyewe kwenye tawi badala ya kumng'oa kidole kwa kidole kutoka mkononi, kwa kuwa vidole vyake huvunjika.

Kuhusu vyombo, nimeipima kesi kwa haki. Wewe ulitabiri miraba, haikutokea. Shemeji alitabiri wekundu, haukutokea. Aliyesema kweli tangu mwanzo, tena kwa maneno mawili, ni binti yako, naye hakuwamo katika makubaliano na hastahili kugusa hata kikombe. Wewe na shemeji gawaneni wiki: siku tatu kila mmoja, na siku ya saba mwoshe pamoja, mmoja akisugua na mwingine akisuuza, huku binti akikagua.